Ng'ombe Asiyefunguliwa Mdomo

Elisante, kijana aliyerithi kiti changu pale kwenye kizuizi cha mifugo, ameniomba mara tatu niandike habari za kazi yangu, na mara zote tatu nimemjibu kwamba mkono huu umezoea mkia wa ng'ombe kuliko kalamu. Juma lililopita nilimkubalia, kwa sababu tangu nistaafu nimegundua kwamba mke wangu amezisikia hadithi zangu zote na sasa huzimalizia mwenyewe. Basi andiko hili ni lenu, ninyi walinzi wa mifugo mnaoanza. Habari za vyeo na mshahara nimeziacha, maana vyeo vilikuwa vichache na mshahara ulikuwa mfupi. Nitaandika juu ya mwanzi mmoja, kipimajoto kimoja, na siku moja ambayo nikiikumbuka hata leo moyo unanienda mbio kana kwamba bado nipo juu ya baiskeli.

Mimi ni Mmeru wa mlimani, mtoto wa migomba na kahawa. Kwetu ng'ombe hukaa ndani, huletewa majani, na ana jina lake. Nilipoajiriwa na idara ya mifugo, miaka michache baada ya reli kufika Arusha, niliamini kwamba ninajua ng'ombe. Wakanipeleka magharibi ya Ngaramtoni, kwenye njia ya Nairobi, na asubuhi ya kwanza niliwaona mia nne wakija ndani ya vumbi, hawana majina, wana pembe. Nilifurahi mno hata nikasahau kuogopa. Kabla ya saa tatu nilikuwa nimekumbushwa kwa teke la paja.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Huko nyikani sotoka, ugonjwa wa kuua ng'ombe, ilikuwa ikizuka mara kwa mara, na huku mlimani ilikuwa haijafika. Katikati tulikaa sisi wawili, mimi na mzee aliyenifundisha. Tulikuwa na mwanzi mrefu uliolazwa juu ya magogo mawili kukata njia, kibanda cha nyasi, na boma la miiba la kufungia mifugo inayotiliwa shaka. Kila aliyetoka nyikani na ng'ombe alipaswa kusimama, ng'ombe wake wapimwe, apewe kibali, ndipo mwanzi uinuliwe. Wenye kuijua sotoka hawahitaji kuelezwa. Ng'ombe huanza kwa homa, macho yakatoa machozi, mdomo ukaota vidonda kama pumba zilizogandia kwenye ufizi, kisha akaharisha mpaka akaanguka. Ikiingia kwa Mmeru mwenye ng'ombe wawili, haimwachii hata mmoja wa kuanzia upya.

Kipimajoto chetu mlikikuta, ni kile kile. Kinaingizwa mahali ambapo ng'ombe hapendi, unangoja, unakitoa, unasoma. Ule uzi wenye kibanio cha kushika manyoya ya mkia uliongezwa kabla sijafika, baada ya mlinzi mmoja kukiachia kikazama chote, wakangojea mpaka jioni ng'ombe alipoamua mwenyewe kukirudisha. Ng'ombe mzima husoma mia na moja za Farenhaiti, au mia na mbili akiwa ametembea juani. Akifika mia na nne, usimpitishe hata akiwa wa baba yako. Kwa saa moja utapima kumi na watano, kama wana adabu.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Rajabu, Mrangi wa Kondoa, mtu mfupi mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Siku ile ya kwanza alinitazama ninavyohangaika na mkia wa tatu, huku foleni imefika mpaka kwenye kona, akacheka, akaniita kivulini.

"Ng'ombe mia nne, kipimajoto kimoja, na jua linakwenda," alisema. "Sasa niambie, utapima ng'ombe au utapima watu?"

Nikaona ajabu. Kumbe mzee yule alikuwa na daftari lisiloandikwa, lote kichwani. Alijua nani akisema "hawajaugua" basi hawajaugua, nani husema hivyo huku amemficha mgonjwa katikati ya kundi, na nani hajui lolote bali husema lile aliloambiwa na mkewe. Wa kwanza aliwapitisha kwa kupima wawili watatu, au bila kupima kabisa. Wa pili aliwapima mpaka kwato. Niliipenda mbinu ile kupita kiasi! Ndani ya mwaka mmoja nilijua Kimaa, lugha ya Wamasai na Waarusha, cha kutosha kuuliza habari za kila boma, na nilikuwa nakaa jioni nikipanga watu kichwani kama mwanamke anavyochambua maharage, hawa huku, hawa kule.

Juu kabisa ya daftari lile alikuwa Mzee Loserian, Mwarusha mrefu, mtaratibu, ambaye sijapata kumsikia akipandisha sauti. Habari zake zilijulikana toka Elerai mpaka Longido. Aliwahi kuuza dume sokoni, akafika nyumbani, akaambiwa na mwanawe kwamba dume lile lilikuwa limeacha kula tangu jana yake. Akarudi kwa miguu siku ile ile kumtafuta mnunuzi na kumwomba amrudishie. Mtu wa namna hiyo unampima nini? Mzee Rajabu alikuwa akiiona fimbo yake tu kwa mbali, anainua mwanzi.

Na chini kabisa alikuwa Kimaai. Kimaai alikuwa na kofia ya jeshi iliyopasuka, sijui aliitoa wapi, kila siku alitoa maelezo tofauti. Huyu alikuwa akimpangusa ng'ombe kamasi kwa majani kabla hajafika kwetu. Aliwahi kumnawisha mgonjwa macho kwa maji ya mtungi, akatuambia anang'aa hivyo kwa sababu ana furaha. Tulimpima Kimaai ng'ombe wake wote, mmoja mmoja, kila safari, mdomo na mkia, na yeye akisimama begani kwetu akiuliza: hapo mnaangalia nini, na hapo je, na namba hiyo ni nzuri au mbaya. Tulidhani anatusumbua.

Sasa naifikia siku yenyewe. Mawingu ya masika yalikuwa yamekwisha kuukalia mlima na wafugaji walikuwa wakirudi kutoka nyikani kwa haraka. Kesho yake ilikuwa siku ya soko Ngaramtoni, kwa hiyo kijito cha pale kilikuwa kimejaa ng'ombe wa kila upande wakinywa pamoja, wa Waarusha wa chini, wa Wameru waliokuja kubadilisha madume, hata wa wachuuzi. Mzee Rajabu alikuwa ameitwa mjini. Nilikuwa peke yangu kizuizini kwa mara ya kwanza, na nilijiona mkubwa kuliko ule mwanzi.

Saa nne Mzee Loserian alifika na wanawe wawili na ng'ombe ishirini na watatu. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za nyumbani kwetu mlimani. Nikaandika kibali, nikainua mwanzi. Sikumgusa ng'ombe hata mmoja. Nawaambia kweli, nilifurahi kwa kumpitisha hivyo, niliona nafanya kazi kama bingwa.

Haikupita saa moja akaja Kimaai, anatembea upesi mbele ya ng'ombe wake kumi na mmoja, kofia mkononi. Hakunisalimu.

"Ero," aliniita, kama Waarusha wanavyowaita vijana, "katika kundi la Loserian mna mtamba mwekundu ambaye si wa nyumba yake. Amepewa huko Longido juzi. Machozi yake yamechora mstari mpaka hapa." Akajigusa chini ya shavu.

Nikamwuliza kama ameona au amesikia. Akasema ameona, walikunywa pamoja jana kwenye dimbwi, na mtamba alitia mdomo majini akautoa bila kunywa. Nikamwambia kwamba Mzee Loserian asingemficha mgonjwa. Akasema yeye hakudai kwamba Loserian amemficha.

Hebu fikirieni nilipokuwa nimesimama. Nilikuwa na jina safi na jina chafu, na mtamba ambaye sikumtazama. Nikimfuata Loserian na ikawa ni uongo, nimemfedhehesha mtu anayeheshimiwa kuliko wote nchi ile, kwa neno la Kimaai, tena nimeacha kizuizi bila mlinzi, jambo la kufukuzwa kazi. Nisipomfuata na ikawa ni kweli, mtamba yule atakunywa kijitoni na mamia ya wengine, na kesho jioni watakuwa wametawanyika mlima mzima, mpaka kwenye zizi la mama yangu. Kupima sikuweza, alikuwa ameshakwenda. Nilichokuwa nacho ni watu wawili na sifa zao, na sifa zote mbili zilinivuta upande mmoja: kaa hapa, usimsikilize.

Nikamwuliza Kimaai kwa ukali anataka nini. Ndipo aliposema maneno ambayo sitayasahau.

"Wangu walikunywa dimbwi lile lile. Wafunge wote kwenye boma lako, siku zote unazotaka. Mimi nikiwa nimesema uongo, nitakuwa nimejifunga mwenyewe." Akavaa kofia yake. "Na sotoka ikitokea Ngaramtoni, mtasema kaileta nani? Loserian? Mtasema Kimaai. Ugonjwa wowote ukizuka hapa, jina ni langu."

Sikuliamini jina lake hata hapo. Niliamini kile alichokuwa tayari kupoteza. Tukawasukuma wale kumi na mmoja ndani ya boma, nikaufunga mwanzi kwa mnyororo, nikawaambia waliokuwa kwenye foleni wangoje. Walinijibu maneno mengi ya Kimaa ambayo Mzee Rajabu hakuwa amenifundisha. Nikakitia kipimajoto ndani ya soksi, soksi mfukoni, nikapanda baiskeli ya idara, na kabla sijakanyaga pedali Kimaai alikuwa ameshakaa kwenye keria.

Ilikuwa kama maili tatu, mteremko mwingi, na breki ilikuwa ya mbele tu. Shuka ya Kimaai ilipepea mpaka ikanifunika uso, yeye akawa ndiye macho yangu, akipiga kelele kulia, kushoto, shimo, mbuzi. Nilikuwa naendesha kwa imani ya mtu ambaye siku zote nilimpima mpaka kwato! Nilicheka, nawaambieni, nilicheka kwa sauti huku nikiomba Mungu tufike. Sijapata kuwa hai namna ile tena, ukiacha siku ya arusi yangu, na siku ya arusi breki zilikuwepo.

Tuliwakuta juu ya kijito. Chini yetu maji yalikuwa meusi kwa migongo ya ng'ombe. Kundi la Loserian lilikuwa limeanza kuteremka, na yeye amesimama kando anazungumza na wazee wawili wa rika lake. Nilirusha baiskeli majanini, nikakimbia, nikasimama mbele ya dume la kwanza nimenyoosha mikono. Wanawe wakalizuia kundi kwa mshangao. Mzee Loserian akaja taratibu, akamtazama Kimaai, kisha akanitazama mimi.

"Anaeli, kibali nimepewa kwa mkono wako," alisema.

"Nimekupa, mzee, na nimekosea. Sikumpima hata mmoja."

"Kwa nini hukupima?"

"Kwa sababu ni wewe."

Nikamwomba nimtazame mtamba mwekundu. Wazee wale wawili wakaguna, nami nilijua kwa nini, na ninyi mnaotoka mlimani mjue pia. Kwa watu wa Kimaa, ukimpa mwenzako ng'ombe kwa urafiki, tangu siku ile mnaacha kuitana kwa majina. Kila mmoja humwita mwenzake Pakiteng', kwa jina la ng'ombe yule, mpaka kaburini. Zawadi hiyo haikaguliwi. Kumfungua ng'ombe huyo mdomo mbele ya watu ni kumfungua mdomo rafiki yako ili umhesabu meno. Mtamba yule alikuwa amefungwa kamba ya shanga shingoni, na kweli, machozi yalikuwa yamechora mstari.

"Huyu ni wa Pakiteng' wangu," alisema Loserian. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nami sikumtazama mdomo."

Nilijikuta nimemwuliza, kwa heshima zote, swali lake mwenyewe: kwa nini?

"Kwa sababu ni yeye."

Hapo niliiona yote kwa mara moja. Mimi nilimwamini Loserian, Loserian alimwamini rafiki yake, na baadaye tulikuja kujua kwamba rafiki naye alipewa mtamba yule na mkwewe, mtu mwenye sifa njema sana. Watu wema walipokezana ng'ombe mmoja toka mbali, kila mmoja akiheshimu jina la mwenzake, na katika mlolongo mzima hakuna aliyefungua mdomo.

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye soksi, lakini Mzee Loserian alinizuia. Akampa mwanawe fimbo. Akamshika mtamba puani, akasema polepole, "Pakiteng', nisamehe," kama vile rafiki yake yupo, akauvuta chini ule mdomo mbele ya wazee wa rika lake. Pumba zilikuwepo, nyeupe, ufizi mzima. Nilipima hata hivyo, kwa kuwa ndiyo kazi. Mia na sita.

Loserian aligeuza kundi kwa mikono yake mwenyewe, likiwa limebakiza hatua thelathini kufika majini, akatembea nalo ule mpando wote mpaka kizuizini, na hakuna aliyethubutu kumcheka. Mimi na Kimaai tulifuata nyuma tukisukuma baiskeli. Nilitaka kuimba na nilitaka kulia, vyote pamoja, na nadhani nilifanya kidogo kidogo vyote.

Mtamba alikufa siku ya tatu, na baada yake wengine sita wa Loserian na wawili wa Kimaai. Soko lilifungwa kwa majuma kadhaa na tukatukanwa na wilaya nzima, lakini ugonjwa haukuvuka boma letu la miiba. Kwa kuacha kituo nilipewa karipio la maandishi, ambalo mke wangu amelihifadhi kwenye Biblia. Mzee Rajabu aliporudi nilimweleza kila kitu nikitarajia kufokewa. Akasema kosa ni lake, maana alinifundisha kupima watu akasahau kunifundisha kwamba hata kibali chetu huisha baada ya siku saba. Jina la mtu, alisema, tulikuwa tumelipatia kibali cha milele.

Nikamwuliza Kimaai siku moja alijuaje, kwa kumtazama tu kando ya dimbwi. Akashangaa kwamba naliuliza swali hilo. Miaka yote ile, alisema, nani amefunguliwa ng'ombe wake midomo mbele ya macho yake kuliko yeye? Kwa kuchoka kurudishwa alikuwa ameanza kuwakagua mwenyewe nyumbani kabla ya safari. Tulikuwa tumemsomesha bila kujua, kwa kutomwamini, na tulikuwa tumemnyima Loserian shule hiyo hiyo kwa kumheshimu.

Tangu masika yale Mzee Loserian hakupita kizuizini bila kupimwa. Alikuwa akifika, anasimama wa kwanza, anasema kwa sauti yake ile ya chini, "Nipimeni mimi kwanza," na nyuma yake nani angethubutu kulalamika? Foleni zikawa ndefu, tukaomba kipimajoto cha pili, tukajibiwa kwamba ombi linafikiriwa. Bado linafikiriwa. Loserian amekwisha kufariki, na mpaka siku ile yeye na Pakiteng' wake waliitana vile vile.

Na Kimaai? Kosa langu la pili ndilo hili, Elisante, nawe ulikuwepo. Kwa miaka yote iliyofuata niliisimulia hadithi hii kwa kila mlinzi mpya, kwa furaha, kwa kuongeza chumvi kidogo kwenye sehemu ya baiskeli. Sikutambua ninachofanya. Siku yangu ya mwisho kazini, baada ya kukukabidhi asubuhi ufunguo na daftari, nilikaa kivulini nikinywa chai, nikaiona ile kofia iliyopasuka ikija kwa mbali na ng'ombe kumi na wanne nyuma yake. Nawe ukainuka ukitabasamu, ukainua mwanzi.

Mzee yule alisimama. Hakuvuka.

"Mbona hunipimi?" alikuuliza.

Ukamjibu, "Shikamoo, mzee. Wewe si unajulikana?"

Alikuja moja kwa moja kwangu, mgongo umepinda, hasira machoni.

"Anaeli, umeniharibia ng'ombe," alisema. "Mliponiona mwongo, nilikuwa nalala najua wangu ni wazima. Sasa kila lango linainuliwa, na mimi mwenyewe macho hayaoni tena. Nalala na sifa tu."

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu alikuwa mgema wa kwanza kuja kudai aonjwe. Nilitoa kipimajoto kwenye soksi, kile kile, ambacho nilikuwa bado sijakukabidhi, nikakupa.

Uliwapima wote kumi na wanne, mdomo na mkia, naye akisimama begani kwako akiuliza hapo unaangalia nini, na namba hiyo ni nzuri au mbaya. Mia na moja. Mia na mbili. Mia na moja. Wa tisa ulimtazama kwa muda mrefu, ukakifuta kipimajoto, ukasoma tena, ukasema mia na nne na nusu. Kisha ukanigeukia. Mimi nilikuwa nimestaafu tangu asubuhi, kwa hiyo niliinamia chai yangu. Ukaushusha mwanzi mwenyewe. Kimaai alikuwa ameshaanza kuwaswaga kuelekea bomani.